Kwaya, okestra, au zote jukwaani: ulinganisho kwa anayechagua tiketi za msimu

Ratiba ya msimu wa muziki katika jiji kubwa ni ndefu, na mwenye nafasi ya jioni tatu au nne tu hukwama mbele ya mistari inayofanana: Misa ya Wafu siku ya Ijumaa, simfonia (kazi ndefu ya okestra) Jumamosi, kwaya ya watu 24 kanisani Jumapili. Majina ya watunzi hayasaidii sana. Brahms peke yake ameandika simfonia nne, nyimbo za kwaya zisizo na chombo hata kimoja, na kazi ya zaidi ya saa nzima yenye kwaya na okestra. Aliyependa moja si lazima apende nyingine. Kinachozitofautisha jioni hizi ni mambo ya mwili na ya jengo: utakaa dakika ngapi bila kuinuka, sauti itakufikiaje pale ulipo, na kama wewe ni mtu wa kufuata maneno.

Vipimo

Aina tatu za onyesho zimepimwa hapa kwa mambo yaleyale: muda, jengo na kiti, maneno, maandalizi pamoja na yanayoweza kwenda mrama, na mtu ambaye kila aina inamfaa.

Muda uhesabu mwenyewe. Jumlisha dakika za kila kazi, ongeza 20 za mapumziko na nyingine 10 za kuchelewa kuanza, makofi na kuhamisha viti jukwaani. Kisha tafuta maneno "bila mapumziko". Yakiwapo, anayechelewa anaweza kusimama nje ya mlango hadi mwisho.

Jengo ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Kila ukumbi una mvumo wake, yaani ule mkia wa sauti unaobaki hewani baada ya mwimbaji kufunga mdomo. Kumbi zinazosifiwa kwa okestra zina mvumo wa sekunde 2 hivi. Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900 kwa kufuata hesabu za mwanafizikia Wallace Sabine, ina karibu sekunde 1.9 ikiwa imejaa watu. Kanisa kubwa la mawe hufika sekunde 5 na kupita. Mvumo mrefu huibeba kwaya inayoimba polepole, lakini noti zinazokimbia hupandana mle kama watu kumi wanaozungumza kwa mpigo. Mwangwi ni jambo jingine: ni sauti inayokwenda ukutani na kurudi peke yake. Royal Albert Hall ya London, iliyofunguliwa 1871, ilisumbuliwa nao hadi 1969, yalipotundikwa darini yale masahani makubwa yenye umbo la uyoga.

Kuhusu viti vilivyo chini ya roshani, kuna kanuni moja ya kukumbuka. Ikiwa urefu wa dari iliyo juu yako, kutoka ukingo wa roshani hadi ukuta wa nyuma, unazidi kimo cha uwazi wake wa mbele, safu za mwisho hukosa sauti inayoshuka kutoka dari kuu, na muziki husikika kama unapigwa chumba cha pili. Ramani ya viti haikuonyeshi hilo. Picha ya ndani ya ukumbi itakuonyesha.

Kwaya bila vyombo

Hapa unazungumzia waimbaji 16 hadi 40, wamegawanyika soprano, alto, tena na besi, mara nyingi na kila sauti ikigawanyika tena mara mbili. Nyimbo ni fupi, dakika 3 hadi 12 kila mmoja, na jioni nzima huchukua dakika 60 hadi 80. Kazi ndefu zipo, ila ni chache. Mkesha wa Rachmaninoff, ulioimbwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1915, una sehemu 15 na hupita saa moja bila chombo chochote. Mwisho wa sehemu ya tano besi hushuka mahali pa chini mno, hata kwaya nyingi hulazimika kuazima waimbaji wawili watatu kwa ajili ya noti hizo.

Katika aina hii jengo ndilo chombo. Muziki wa karne ya 16 uliandikwa kwa makanisa ya mawe, na ndani ya ukumbi mkavu husikika umevuliwa nguo. Kaa theluthi ya mbele, karibu na njia ya katikati. Sakafu ya kanisa ni bapa, nguzo ni nene, na anayeketi nyuma hupata mvumo mtupu usio na konsonanti. Chukua sweta, kwa kuwa mawe hutunza baridi hata siku ya jua. Nenda msalani kabla ya kufika, maana vyoo huwa viwili na foleni moja. Ukiona kwenye programu kazi ya Thomas Tallis ya sauti 40, ile ya kwaya nane za watu watano watano inayochukua dakika 10 hivi, uliza waimbaji watasimama wapi. Wakiizunguka hadhira, kaa katikati kabisa; wakipangwa safu moja mbele, nusu ya raha imekwenda.

Maneno mara nyingi ni ya Kilatini, na karatasi ya tafsiri hutolewa mlangoni. Isome kabla taa hazijapunguzwa. Kitu kibaya zaidi katika onyesho la aina hii ni watu mia tatu kugeuza ukurasa pamoja wakati noti ya mwisho bado inaelea.

Ugonjwa mkuu wa kwaya isiyo na vyombo ni kushuka. Mwongozaji hugonga uma wa kupimia sauti, waimbaji hupokea noti zao, na baada ya dakika nane wote wako nusu toni chini (hatua moja kati ya vibonye viwili vya piano vinavyofuatana) bila mtu kujua. Husababishwa na noti moja inayorudiwa kwa pumzi iliyochoka, hatua za kupanda zinazoimbwa fupi kuliko zinavyotakiwa, na uchovu wa mazoezi ya mchana huohuo. Kushuka kwenyewe si balaa. Wote wakishuka pamoja wimbo unabaki mzuri, na msikilizaji hukosi kitu. Balaa ni pale kinanda kinapoingia katikati ya kazi hiyohiyo, maana chenyewe hakikushuka. Kwa hiyo kwenye programu inayochanganya sauti tupu na kinanda, huko kuingia kwa kinanda ndiko mtihani wa kwaya.

Aina hii inamfaa mtu mwenye jioni fupi, anayependa kusikia jinsi sauti nne zinavyosukwa, na anayeweza kunyamaza kweli. Anayekohoa aahirishe, kwa kuwa kikohozi kimoja hapa kina nafasi yake katika wimbo. Pia inamfaa anayeimba kwaya mwenyewe. Atajifunza mengi kwa kutazama wanavyopumua kuliko kwa kusikiliza rekodi.

Okestra peke yake

Okestra ya muziki wa wakati wa Haydn ni watu 35 hadi 45. Ya mwisho wa karne ya 19 ni 80 hadi 100. Katika hiyo kubwa, nyuzi pekee hufika 60: vayolini za kwanza 16, za pili 14, viola 12, selo 10 na dabo besi 8. Kabla kondakta (wa muziki, si wa basi) hajatokea, oboe hutoa noti ya la (ya sita katika do-re-mi) na wengine wote wakajipima nayo. Kipimo cha kimataifa ni mitetemo 440 kwa sekunde, ingawa okestra nyingi za bara la Ulaya hupendelea 442 au 443. Vikundi vinavyotumia vyombo vya kale hushuka hadi 415, karibu nusu toni, kwa hiyo usishangae kazi uliyoizoea ikisikika imetulia zaidi.

Muda wake hutabirika. Kazi ya kufungulia ni dakika 8 hadi 12, kisha konseto ya dakika 25 hadi 40 yenye mpigaji mmoja mbele, mapumziko, halafu simfonia ya dakika 30 hadi 50. Jumla ni saa mbili hivi. Mpangilio huo una huruma: aliyechelewa huingizwa baada ya kazi ya kwanza, na aliyechoka huondoka wakati wa mapumziko bila kumkanyaga mtu.

Viti hapa vina siasa yake. Safu tatu za mbele hukupa soli za viatu na vayolini. Filimbi na pembe hupita juu ya kichwa chako. Katikati ya ukumbi, au safu za mbele za roshani, ndipo sauti zinapokutana. Konseto ikiwa ya piano, upande wa kushoto unaona mikono, ila kifuniko cha piano huipeleka sauti upande wa kulia, basi uamue umekuja kuona au kusikia. Vipo pia viti vya nyuma ya okestra. Concertgebouw ya Amsterdam (1888) inavyo, na Philharmonie ya Berlin (1963) imewazungushia watu jukwaa pande zote. Ukikaa huko unauona uso wa kondakta na kila ishara ya mkono wake, na timpani, zile ngoma kubwa za okestra, inakuingia kifuani. Ni viti vizuri mno kwa simfonia. Vinakuwa vibaya mara tu mwimbaji wa solo (anayeimba peke yake) anaposimama, kwa kuwa anawaimbia wale wa upande wa pili.

Maneno hakuna. Kwa wengine hiyo ni nafuu, kwa wengine ndipo wanapopotea. Dawa yake ni kujua idadi ya sehemu: konseto nyingi zina tatu, simfonia nyingi zina nne, na kati yake kuna kimya kifupi ambacho hadhira nyingi hazipigi makofi. Usiamini sauti, amini mkono wa kondakta. Simfonia ya sita ya Tchaikovsky (1893) imewaponza wengi: sehemu ya tatu inaishia kwa kishindo cha ushindi, watu wanainuka kushangilia, kumbe imebaki ya nne, na hiyo inazimika taratibu hadi kimya.

Okestra ya kulipwa hufanya mazoezi matatu au manne ndani ya wiki ileile, kisha hurudia programu hiyo jioni mbili au tatu. Ukiweza kuchagua, jioni ya pili mara nyingi imetulia kuliko ya kwanza. Kosa utakalolisikia wazi zaidi ni la pembe. Bomba lake likinyooshwa lina urefu wa karibu mita 3.7, na kule juu noti zake zimebanana sana, hata mdomo ukikaza kidogo tu kupita kiasi noti ya jirani ndiyo inayotoka. Si uzembe, hata mabingwa hupasuka hapo.

Okestra inamfaa anayependa kuona kazi ikifanyika, anayekuja na mtu asiye na hakika (mapumziko yanaokoa urafiki), na mwenye watoto walio na umri wa kukaa nusu saa. Kwa watoto hao tafuta onyesho la alasiri, na uchague programu yenye ngoma na shaba (tarumbeta na jamii yake) za kutosha.

Kwaya na okestra pamoja

Huu ndio upande wenye mambo mengi, na ndiko tiketi mbaya hununuliwa zaidi.

Anza na muda, kwa sababu kazi hizi hutofautiana vibaya. Misa ya Wafu ya Fauré ni dakika 35 hivi, kwa hiyo lazima kuna kitu kingine jioni hiyo. Angalia ni nini. Ya Mozart, aliyoiacha haijakamilika alipofariki Desemba 1791 na kumaliziwa na Süssmayr, ni kama dakika 50. Ya Brahms ni dakika 70 hivi. Ya Verdi, iliyosikika mara ya kwanza Milan tarehe 22 Mei 1874, ni karibu dakika 85, na kwa kawaida huenda moja kwa moja bila mapumziko. Messiah ya Handel ikiimbwa yote hupita saa mbili. Wengi huikata, na tangazo halisemi kila mara kwamba imekatwa. Mateso ya Bach (mateso ya Yesu kadiri ya Injili ya Mathayo), yenye kwaya mbili na okestra mbili, hukaribia saa tatu.

Kwenye viti, sahau ushauri wa okestra. Kwaya husimama nyuma kabisa, juu ya majukwaa ya ngazi, na kati yenu kuna vayolini, shaba na ngoma. Aliye chini mbele huwasikia waimbaji wa solo vizuri, na kwaya kama uvumi. Panda roshani, mbele na katikati. Zipo kazi zinazotawanya wapigaji: Verdi anaweka tarumbeta nje ya jukwaa kwa ajili ya siku ya hukumu, na Berlioz katika Misa yake ya Wafu ya 1837 aliamuru vikundi vinne vya shaba vikae kwenye kona nne. Kwa kazi hizo kaa katikati ya hadhira, la sivyo utasikia kona moja tu.

Maneno hapa yana uzito kuliko penginepo. Misa za Kilatini zina matini moja kwa watunzi wote, kuanzia Kyrie hadi Agnus Dei, na aliyezoea ibada hiyo hapotei. Misa ya Wafu huacha Gloria na Credo, na nyingi huweka mahali pake shairi refu la siku ya ghadhabu. Ndilo linalofungulia ile ngoma kubwa ya Verdi. Brahms hakuitumia matini hiyo kabisa, alijichagulia mistari ya Biblia kwa Kijerumani. Mateso ya Bach ni hadithi inayosimuliwa na mwimbaji mmoja wa sauti ya tena kwa muda mrefu. Bila tafsiri mkononi au juu ya jukwaa utachoka kabla ya nusu ya kwanza kuisha.

Maandalizi yake ni ya pande mbili zisizolingana. Kwaya ya watu 80 hadi 150, wengi wao wa kujitolea, hujifunza kazi kwa wiki nyingi kwa piano, halafu hukutana na okestra mara moja au mbili tu kabla ya onyesho. Ndipo yanapoanza. La kwanza ni kuchelewa: sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo mwimbaji aliye mita 20 kutoka vayolini huzisikia zikiwa zimechelewa kama sehemu sita za mia za sekunde. Akiimba kwa kufuata masikio atakuwa nyuma jioni nzima. Inabidi aimbe kwa kufuata macho. Vichwa vikiwa ndani ya vitabu, utaisikia kwaya ikiburuta. La pili ni shaba kuifunika kwaya, na waimbaji wa sauti ya tena ndio wa kwanza kupotea kwa kuwa huwa wachache. La tatu ni mbio za noti za Handel na Bach ndani ya kanisa: kwaya ya watu 150 mle hutoa ukungu, ilhali ya 30 inasikika kila silabi.

Neno moja kuhusu tiketi zake. Kila mwimbaji ana ndugu na marafiki, kwa hiyo kwaya ya watu 120 hujaza viti vizuri mapema, na nyingi huimba jioni moja tu. Nunua mwanzoni, au vizia tiketi zinazorudishwa wiki ya mwisho. Msongamano huo ni wa zamani: Messiah ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, wanawake waliombwa wasivae pete za kutanulia sketi na wanaume waache panga nyumbani, ili watu zaidi waenee.

Aina hii inamfaa anayetaka kutikiswa, anayeijua matini au yuko tayari kuisoma kabla, na anayestahimili kukaa. Aliye na mgongo mbovu au kibofu kisicho na subira asianze na Verdi.

Mtego wa simfonia yenye kwaya

Wengi huona neno kwaya kwenye tangazo wakanunua wakidhani wataimbiwa jioni nzima. Simfonia ya tisa ya Beethoven, iliyotolewa Vienna tarehe 7 Mei 1824, ni dakika 65 hadi 70, na kwaya iko kwenye sehemu ya nne tu. Waimbaji huketi zaidi ya dakika 40 wakitazamana na wewe. Katika ya pili ya Mahler kwaya huingia baada ya saa nzima na ushei, kwa sauti ya chini mno (na hapo ndipo kikohozi huchukiwa kuliko popote). Ya nane yake ni kinyume: huanza na kwaya tangu mwanzo, na ilipotolewa Munich mwaka 1910 jukwaani walikuwa zaidi ya watu elfu moja. Nunua ya Beethoven na ya pili ya Mahler kama simfonia. Ya nane inunue kwa masharti ya kwaya na okestra, roshani ikiwemo.

Kulingana na hali yako

Una jioni moja tu na hujawahi kwenda: chukua okestra yenye konseto na simfonia, kiti cha katikati au roshani ya mbele. Ukipenda zaidi sauti za watu, Misa ya Wafu ya Mozart ni mlango mzuri kuliko Messiah nzima, kwa kuwa inaisha ungali na hamu.

Unatoka kazini na usafiri wako unaisha mapema: kwaya bila vyombo. Ukichagua okestra, hakikisha kazi unayoitaka iko kabla ya mapumziko.

Unakwenda na mzee anayesikia kwa shida: epuka kanisa lenye mvumo mrefu, hata kama kwaya ni bora. Ukumbi mkavu kidogo na kiti cha kati mbele vitamfaa zaidi, na okestra ndogo kuliko kubwa.

Huwezi kukaa zaidi ya saa moja bila kuinuka: ondoa Verdi na ya pili ya Mahler; Bach na Handel kamili baki nazo pale tu penye mapumziko, na ukate kiti cha pembeni mwa njia.

Unataka kazi moja mahususi: angalia kalenda. Kaskazini mwa dunia msimu huanza Septemba au Oktoba hadi Juni. Messiah hurundikana Desemba, ingawa ilizaliwa Aprili, na Mateso ya Bach huja Kwaresima. Nje ya nyakati hizo unaweza kusubiri mwaka mzima. Simfonia maarufu hurudi kila msimu, kwa hiyo ukilazimika kuchagua kati ya simfonia na kazi hizo za kwaya, iache simfonia.

Fedha ni chache: viti vya nyuma ya okestra jioni isiyo na waimbaji, au mazoezi ya wazi ya asubuhi, ambapo kondakta anaweza kusimamisha muziki na kurudia ukurasa mmoja mara nne. Kwa kwaya kanisani, fika dakika 40 kabla ikiwa viti havina namba. Tiketi ya bei ya chini itakupeleka mbele, mradi uwe umewatangulia ndugu wa waimbaji.